Kliniki ya figo inayoangalia na misuli

Nyota tano kwa kliniki ya figo tuliyompeleka baba hapa Tanga. Ana miaka 74, amekonda, na kreatinini yake, taka inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, kwenye karatasi ya majibu ilikuwa nzuri. Daktari hakuridhika. Alimbonyeza paja, akamwambia ainuke kitini bila kujishikilia, mzee akashindwa. Akatueleza kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo misuli ikipungua majibu huweza kupendeza huku figo zimechoka. Akaagiza sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo kisichotegemea sana misuli, na kweli utendaji wa figo ulikuwa chini. Vyakula vya protini kama samaki na maharage hawakumkataza, walimpangia kiasi tu, na mazoezi ya kuinuka wanamfundisha kwa upole mno. Kipimo cha sistatini C ni ghali, ulizieni bei kabla hamjatoka nyumbani.