Msinunue kamera yenye tundu moja la kadi: uzoefu wangu

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika ili hasira zishuke, na hazikushuka. Basi nianze na neno lenyewe: kama unapiga picha za harusi, usinunue DSLR, ile kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, ya daraja la kati yenye tundu moja la memori kadi. Usinunue hata ukipunguziwa nusu bei. Yangu niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahamia kamera zisizo na kioo, na muda wote nimekuwa nikiisifu kwa kila aliyeniuliza. Leo nayarudisha yale maneno.

Megapikseli na kasi zake mtazisoma wenyewe kwenye boksi. Mimi ni mwanamke, napiga picha sherehe za wanawake hapa Unguja, na anayeijua kazi hii anaujua uzito wake. Ukumbini haingii mwanamme. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele ziko wazi, mikono ina hina na piko, vikuba vya asumini vinanukia, chetezo cha udi kinapitishwa. Kabla ya lolote hutangazwa kwenye spika kwamba asipige mtu picha kwa simu, na kina mama wa familia huzunguka meza kwa meza kuhakikisha. Mwenye ruhusa ni mmoja, ni mimi. Zile picha ni amana. Zikipotea kwangu zimepotea kabisa, kwa sababu hakuna shangazi wala shoga wa bi harusi mwenye nyengine kwenye simu yake.

Harusi yenyewe ilikuwa masika ndiyo kwanza yamekatika. Mchana nilianzia nyumbani kwa bi harusi, Mji Mkongwe, nyumba ya zamani yenye dari ya boriti iliyopakwa chokaa. Chumba kina kidirisha kimoja, mpambaji yuko kazini, ndugu wamejaa kitandani. Nikaielekeza flashi juu, mwanga ukagonga chokaa ukashuka laini usoni kwa binti. Rangi ya ngozi yake ikatoka kama ilivyo, weusi wake mzuri haukugeuka kijivu. Hapo kamera hii sina la kuilaumu, na niliwahi kushika kamera za bei kubwa zaidi ambazo ngozi zetu zinazikosea.

Usiku ukumbini ni taabu nyengine: taa za LED za zambarau na buluu, moshi wa udi, watu hawatulii. ISO, yaani wepesi wa kamera kuona gizani, nikaipandisha mpaka 6400. Chembechembe zikaonekana, lakini nyuso zikabaki nyuso. Fokasi nikaiweka kwenye nukta ya katikati, maana za pembeni kwenye giza hutafutatafuta mpaka jambo linapita. Bi harusi akaingia, taarab imepamba moto, vigelegele, mama yake analia bila kujificha. Nikapiga. Kila nikipiga skrini ya nyuma inawaka inanionyesha: huyu hapa kashika mkono wa mama yake, huyu hapa anainua macho. Nilimwona kwa macho yangu. Nikashukuru Mungu, nikaendelea.

Saa saba usiku niko nyumbani, kadi nimeichomeka kwenye laptopu. Picha za mchana zote zipo. Za wageni kuingia zipo. Nikafika ya 400 na kitu: shangazi wa bi harusi amekaa kitini, nusu ya juu ni yeye, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Baada ya hiyo, hamna. Majina ya mafaili yapo, ukubwa wake umeandikwa, ukifungua hakuna kitu. Bi harusi kuingia, hamna. Mama yake kulia, hamna. Kukaa jukwaani, kutunzwa, keki, hamna. Nilikaa sakafuni.

Kwa ambao hamjui, na mimi nilikuwa sijui: ile picha inayotokea kwenye skrini mara tu ukishapiga haitoki kwenye kadi. Inatoka kwenye kumbukumbu ya ndani ya kamera, kabla au wakati inapelekwa kwenye kadi. Kwa hiyo kamera inaweza kukuonyesha picha ambayo kadi haijaipokea na haitaipokea. Ukitaka uhakika bonyeza kitufe cha kuangalia picha, zirudie zilizopita, vuta karibu. Ningefanya hivyo mara moja tu mapema usiku ule, ningejua. Lakini nani ana nafasi hiyo bi harusi anaingia?

Usiku uleule nikashusha PhotoRec, programu ya bure ya kutafuta picha zilizopotea. Yenyewe haijali orodha ya mafaili. Inaisoma kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha. Imewahi kumwokoa mwenzangu aliyefuta kazi nzima kwa bahati mbaya, maana picha iliyofutwa hubaki kwenye kadi mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana kadi ikileta matatizo unaitoa papo hapo, hupigi tena wala huifomati. Nikaiacha ikifanya kazi mpaka adhana ya alfajiri. Ikanirudishia zilezile nilizokuwa nazo.

Asubuhi nikaenda duka nililonunulia kadi, hapa mjini. Silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nia yangu ilikuwa kuuliza tu kama wana mwanamke anayefanya kazi ya kurudisha picha, au kama wataniazima kifaa nikafanye mwenyewe nyumbani. Nikamwonyesha kijana wa kaunta kadi ili aone ni aina gani. Akaichukua mkononi mwangu akaichomeka kwenye kompyuta yao. Hakuuliza. Skrini yao imeelekea wateja, na wateja wakati ule walikuwa wanaume watatu. Picha zikafunguka zenyewe, kubwa, moja baada ya moja: dada zake bi harusi kitandani, vichwa wazi, wanacheka.

Nilichomoa kadi kwa nguvu mpaka kisomeo kikaanguka. Nikamwambia, "Kaka, hizi ni picha za wanawake ndani kwao, nani kakwambia ufungue?" Akanijibu, na sitamsahau, "Dada, picha tu hizi, zina nini? Mbona mnajifanya mna siri." Mmoja wa wale wateja akacheka. Nikamwambia kadi hii nimeinunua hapa na imepoteza kazi ya watu. Akanionyesha kikaratasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, halafu akamalizia, "Tatizo kamera yako ya zamani hiyo." Hakuna pole wala samahani. Kijana wa umri wa mdogo wangu, na bila shaka nyumbani kwao wapo mama na dada.

Nilitoka pale naichukia kamera, maana maneno yake yaliniingia. Nikaamini ni kamera. Sentensi za mwanzo za ukurasa huu nilikuwa nimeshaziandika kichwani njiani narudi.

Lakini siku ile ya ununuzi nilichukua kadi mbili, na ya pili ilikuwa haijatumika. Nikaipitisha kwenye H2testw, programu inayoijaza kadi tele kisha kuisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Ilichukua saa nyingi. Kadi imeandikwa GB 64. Zilizokuwa za kweli ni karibu 15. Zilizobaki ni uongo uliopangwa: ubongo wa kadi unaiambia kamera "nimepokea" na haujapokea chochote. Mimi napiga RAW (faili ghafi, kubwa) na JPEG (faili dogo la kawaida) pamoja, kila picha karibu MB 35. Pigeni hesabu wenyewe, mtafika palepale kwa yule shangazi wa nusu kijivu. Kazi mbili za kwanza za kadi ile zilikuwa ndogo, hazikufika huko, ndiyo maana sikushtuka.

Kwa hiyo kamera iliandika kila ilichoambiwa iandike. Nakiri hilo. Hata matundu mawili, ambayo ukiyapanga hivyo huandika picha ileile kwenye kadi mbili kwa pamoja, yasingenisaidia kama ningechomeka zote mbili kutoka duka lile. Hilo nalo nakiri. Lakini mimi nina kadi ya zamani, ndogo, ya kuaminika, ilikuwa ndani ya mkoba usiku ule, na ingekuwa ndani ya kamera kama pangekuwa na pa kuiweka. Na si kwamba haiwezekani kwa daraja hili. Nikon D7200 ya 2015 ina matundu mawili. Canon 7D Mark II ya 2014 ina mawili. Sidhani tundu la pili linagharimu hata sehemu ya lenzi. Mtengenezaji anayeliacha anajua wazi nani atalihitaji, na anataka mtu huyo apande daraja alipe zaidi. Hili sitaliachia.

Mengine niyapitie haraka, maana yapo. Kwenye jua la Paje saa sita mchana, ukiwapiga wanaolima mwani, skrini za simu na za kamera nyengine hazionekani kitu, lakini kwenye kitundu cha kuchungulia cha DSLR unaona kwa kioo, unaona bahari yenyewe. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, watu wanapigana kwa migomba na vumbi linaruka, fokasi yake ilimshika mtu anakimbia na haikumwachia. Betri moja inamaliza harusi. Ubaya: ukitoka nayo kwenye chumba cha AC kuingia kwenye joto letu, lenzi inajaa ukungu dakika kumi nzima, na lenzi ukiihifadhi ovyo kabatini wakati wa masika inaota kuvu, hivyo tafuteni vifuko vya kukausha unyevu na boksi linaloziba. Na kioo chake kikiruka kina mlio. Kwenye maulidi ya wanawake, watu wakiwa kimya, nimegeukiwa zaidi ya mara moja.

Kwa mama wa bi harusi nilikwenda mwenyewe, sikupiga simu. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza yote kuhusu kadi. Alisikiliza. Nilidhani ataniuliza picha za mwanawe akiingia. Aliniuliza, "Nani mwengine ameziona?"

Nikamwambia kuhusu kaunta. Ningeweza kunyamaza, asingejua. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanyanyuka kwenda kuniletea maji, na nadhani alinyanyuka ili nisimwone uso. Hela nimemrudishia zote, kwanza alikataa. Tumekubaliana binti atavaa tena, nyumbani, chumba kilekile cha boriti, yeye na mama yake na somo wake tu.

Kamera nitakayokwenda nayo ni hiihii, kwa sababu sina nyengine na kwa sababu ya ile rangi ya uso wake mchana ule. Ninazo sasa kadi ndogo nne, nimezipima moja moja, na nitabadilisha kila nikifika picha 200. Zilizojaa nitampa mama yake azishike mkononi.