Kabla ya Kununua Mche wa Cheri, Fungua Kiriba

Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikimwagilia maji mti ambao ulikuwa umeshaanza kujinyonga siku niliyoununua. Nilikutana nao mwanzoni mwa masika ya mwaka 2019, kando ya barabara, katika safu ya miche iliyopangwa kwa kimo kama watoto wa skuli kwenye mstari wa asubuhi. Ulikuwa mche wa cheri wa kunifika kifuani, wenye majani yanayong'ara na matunda mawili mekundu yaliyoning'inia mithili ya vipuli. Matunda yale mawili ndiyo yaliyoniponza. Nilitoa shilingi 25,000 bila ya kubishana, nikapanda nao daladala na kuukumbatia hadi Bububu, hapa Unguja.

Haukufa, na laiti ungekufa mapema ningejua la kufanya. Ulikaa tu. Kila kaskazi ikiingia majani yaligeuka manjano hata nikiumwagilia asubuhi na jioni, na kila masika ulitoa maua machache yaliyopukutika kabla ya kushika tunda. Mwaka wa tatu upepo wa kusi uliulaza chini, na nilipokwenda kuuinua ulinifuata mkononi mzimamzima, kwa mkono mmoja. Bonge la mizizi lilikuwa bado na umbo la kiriba kilekile, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, nilichokitupa miaka mitatu nyuma. Nililiosha chini ya mfereji, nikaona mizizi imejizungusha duru juu ya duru kama ukili uliokunjwa ukisubiri kushonwa mkeka, na mmoja wao, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umelikaba shina hata likabonyea.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautazungumzia sana uzuri wa majani, wingi wa matawi wala unene wa shina, kwani hayo kila mnunuzi huyatazama na kila muuzaji anajua namna ya kuyapamba. Nitazungumzia kile ambacho hakuna anayekitazama, nacho ni hali ya mizizi ndani ya kiriba. Mzizi unapokutana na ukuta wa plastiki hauna pa kwenda, hivyo hugeuka na kuufuata ukuta. Ukiwa bado mchanga na laini unaweza kurekebishwa, lakini ukishakuwa mti haunyooki tena hata ukiupa shamba zima. Kadiri shina linavyonenepa na mzizi nao unavyonenepa, ndivyo kimoja kinavyokikaba kingine, na maji uliyoyamwaga kwa ndoo hayapandi inavyostahiki. Mti wa namna hiyo pia hauna nanga, kwa sababu hakuna mzizi hata mmoja uliotoka kwenda mbali kuishika ardhi.

Ukifika kwa muuza miche, kwanza inua kiriba utazame chini yake. Mizizi myembamba michache iliyochungulia kwenye matundu si neno, lakini mizizi minene iliyotoboa plastiki na kuingia ardhini ina maana kwamba mche umekaa hapo msimu au misimu kadhaa, na muuzaji akiung'oa mizizi hiyo hubakia kwake na wewe unaondoka na nusu ya mti. Pili, shika shina karibu na udongo ulitikise taratibu. Likicheza peke yake ilhali udongo umetulia, ama mche umehamishiwa kiriba kikubwa jana ili uonekane wa thamani, ama mzizi wake mkuu ulipindwa ulipoatikwa. Tatu, na hapa ndipo ugomvi unapoanza, omba kiriba kipasuliwe ubavuni kwa wembe, urefu wa kiganja tu. Unachotaka kukiona ni mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa iliyotawanyika ndani ya udongo. Ukiona mizizi ya kahawia iliyolalia plastiki na kuzunguka, rudisha mche ulipokuwa. Ukiona vifundo vidogovidogo juu ya mizizi kama shanga zilizotungwa vibaya, rudisha upesi zaidi, kwa sababu hao ni minyoo ya mizizi, na cheri ninayoipendekeza hapa chini ni dhaifu mno mbele yao, hasa katika ardhi ya mchanga.

Muuzaji atakwambia kwamba kupasua kiriba ni kuuharibu mche. Si kweli, kwani kiriba kitapasuliwa vyovyote vile siku ya kupanda, na ufa wa kiganja hufungwa kwa uzi ukafika nyumbani salama. Nilipomwomba mmoja wao anipasulie, aliniambia, "Bibie, lipa kwanza, kisha ukipenda kipasue na moyo wake." Niliondoka. Ningekuwa na busara hiyo mwaka 2019, ningekuwa na mti wa miaka mingi sasa.

Tatizo la pili ni jina. Kwetu hapa neno cheri limebandikwa juu ya miti minne ambayo haina udugu wa karibu, na ni wajibu wa mnunuzi kujua anauziwa upi.

Nafasi ya kwanza naipa cheri ya Barbados, ambayo wengine huiita asirola, na sifichi kwamba nina upendeleo. Asili yake ni visiwa vya Karibi na nchi za jirani, na joto letu haliisumbui hata kidogo. Ukiuachia hufika mita tatu na kupindukia, lakini unakubali mkasi, na katika uwa mdogo unaweza kuuweka kwenye kimo cha mtu mzima mwaka baada ya mwaka bila ya kununa. Kutoka ua hadi tunda kuiva ni wiki tatu hadi nne, na mti hutoa maua mara kadhaa kwa mwaka ikiwa haukosi maji. Tunda ni jekundu, lenye maji na uchachu wa kupendeza, na ndani mna kokwa tatu ndogo. Gramu 100 za tunda hili zina zaidi ya miligramu 1,000 za vitamini C, wakati uzito huohuo wa chungwa una takriban 50. Kasoro yake ni kwamba likishaiva haliweki. Siku mbili tatu nje ya friji huharibika, na ndiyo maana hulioni sokoni Darajani na hutalila vizuri isipokuwa limetoka uani kwako.

Ndani ya cheri ya Barbados yenyewe, ninayoitafuta kwa jina ni Florida Sweet, aina iliyochaguliwa Homestead, kusini mwa Florida, kwa ajili ya tunda lake kubwa, tamu kuliko wenzake, na mti wake unaosimama wima badala ya kutambaa ovyo. Shangazi yangu wa Mbweni ana mti mama ulioingia nyumbani kwake kwa jina hilo, na baada ya kula matunda yake sioni sababu ya kupanda mwingine. Kuna jambo jingine linalonifanya niing'ang'anie. Ardhi ya Homestead ni mawe ya chokaa, na anayetoka Makunduchi au Jambiani ataelewa mara moja maana yake, kwani mti uliochaguliwa juu ya mawe hauogopi maweni. Wifi yangu aliyeko Makunduchi ameupanda ndani ya shimo la mawe alilolijaza samadi na majani yaliyooza, nao unazaa. Kinachomlazimu kuangalia ni majani machanga, kwani katika udongo wa chokaa hukosa chuma na kugeuka manjano huku mishipa yake ikibakia kijani. Hapo dawa ni kuongeza mboji kila mara, wala si kumwaga maji zaidi.

Unaponunua aina hii, uliza mche umetokana na nini. Uliotokana na kipando cha tawi huzaa matunda yaleyale ya mama yake, na huweza kuanza mwaka wa pili au wa tatu. Uliotokana na kokwa ni bahati nasibu. Ukitazama chini ya shina utautambua: kipando huwa na kisiki kifupi kinene kilichokatwa, na matawi yametokea ubavuni, ilhali mche wa kokwa hupanda moja kwa moja kutoka ardhini. Kipando hakina mzizi mkuu, kwa hiyo usiutafute. Tafuta mizizi mitatu au minne iliyotoka pande mbalimbali za kisiki, kwani ikitoka upande mmoja tu, kusi ya kwanza itaulaza. Hata wenye mizizi mizuri huhitaji mti wa kuegemea katika miaka miwili ya mwanzo, kwa sababu mizizi ya cheri hii haizami sana.

Nafasi ya pili ni pitanga, cheri ya Brazil, yenye tunda lililobanwabanwa kama boga dogo, mara nyingi likiwa na mbavu nane. Huu ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, mpera na mzambarau, na njia ya kuutambua kitaluni ni kusugua jani changa kati ya vidole, kwani harufu yake ni kali na huwezi kuikosea. Ni mti mvumilivu, unafaa hata kuwa ua wa kuzungukia nyumba, na ukitokana na kokwa hauna hasara kubwa ya tabia. Nimeuweka wa pili kwa sababu mbili. Unakua polepole mno, na tunda lake lisipoiva barabara lina ladha ya utomvu inayokwaruza koo, kwa hiyo wenye watoto wasio na subira watalalamikiwa. Nzi wa matunda nao huupenda, hasa yule mvamizi kutoka Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003 kisha akaenea kwetu, kwa hiyo yaliyoanguka yaokotwe kila siku yafukiwe chini sana. Kuhusu mizizi, pitanga ina mzizi mkuu, na huo ukiwa umepinda kama shingo ya bata ndani ya kiriba, usiununue hata ukipewa kwa nusu bei.

Wa tatu ni ule wenye majani yenye malaika, yaani vinyweleo laini, na maua meupe, unaozaa tunda dogo lenye utamu wa sukari na mbegu laini zisizohesabika, ambao wengine huuita cheri ya Jamaika. Tunda lake sina la kulisema vibaya. Lakini huo ni mti wa kivuli, hufika mita saba na zaidi, matawi yake hutanda, na popo huufanya baraza ya usiku. Anayekuuzia kwa jina la cheri fupi anakudanganya, na atakuwa ameshahama pale utakapogundua.

Wa nne simpi nafasi kabisa. Ni cheri ya Ulaya, ile ya kwenye picha, ambayo siku hizi vipande vya miche yake na mbegu zake hutangazwa kwenye simu kana kwamba ni kitu cha kupanda Fuoni. Katika nchi zake ni kweli kwamba ipo ya kimo kifupi. Wajerumani wa Giessen walitoa shina la kubebeshea, yaani shina la chini lenye mizizi ambalo cheri hupandikizwa juu yake, liitwalo Gisela 5, ambalo hupunguza kimo cha mti karibu nusu, na Wakanada wa Summerland walitoa mwaka 1968 aina iitwayo Stella, inayozaa bila ya kuhitaji mti wa pili wa kuichavusha. Bustani ndogo za Uingereza zimefaidika kwa hayo. Lakini miti hiyo haiamki kutoa maua mpaka ipite kwenye baridi, na aina nyingi huhitaji saa 700 au zaidi chini ya nyuzi 7. Hapa Unguja, hata usiku wa kipupwe ambao tunajifunika shuka mbili, joto halikaribii nyuzi hizo. Utapata majani, ukibahatika. Tunda hutaliona.

Kuhusu njia ya rahisi ya kuotesha kokwa mwenyewe, nyingi za cheri ya Barbados ni tupu na hazioti. Bora uombe tawi la shubiri moja kwa mwenye mti mzuri, ulichomeke kivulini kwenye mchanga wenye unyevu, na ungoje kiasi cha siku 60.

Sasa nirudi kwenye bei, kwani hapa ndipo roho yangu inapouma. Miche kwetu inauzwa kwa kimo. Wa goti una bei yake, wa kiuno una yake, na wa kifua una bei ya kitoweo cha wiki nzima. Wanaojenga mahoteli na nyumba za kukodisha wanataka bustani iliyokamilika kwa siku moja, wananunua mirefu bila ya kuuliza, na sisi wenye nyua za hatua nane kwa sita tunaburutwa nao. Matokeo yake ni kwamba muuzaji ana kila sababu ya kuuacha mche uzeeke ndani ya kiriba kidogo, maana kila mwezi unaopita unampandishia thamani, wakati huohuo ukiiharibu mizizi. Kwa maneno mengine, tunalipa zaidi kwa kitu kibovu zaidi. Mche wa goti katika kiriba kipana, wenye miezi michache tu, utaupita ule wa kifua kabla ya masika ya tatu, na utakugharimu sehemu ndogo ya fedha zile. Kama tunda limeshaning'inia juu ya mche mdogo, lichukulie kuwa pambo la dukani.

Ukishafika nyumbani na mche uliouchunguza, na ukaona mizizi michache imeanza kugeukia ukutani lakini bado ni laini, chukua kisu kikali upitishe juu hadi chini mara tatu au nne kuzunguka bonge, kina cha ukucha, kisha uifungue kwa vidole ielekee nje. Panda mwanzoni mwa masika au vuli, shimo liwe pana kuliko lilivyo refu, na shingo ya mche isizikwe. Mche wangu wa sasa, kipando cha Mbweni nilichokipasulia kiriba mbele ya shangazi yangu mwenyewe huku akinicheka, niliupanda vuli ya mwaka 2022 palepale alipoanguka mwenzake. Julai iliyofuata, kusi ilipovuma, nilitoka asubuhi na mapema nikaushika shina nikautikisa, na udongo wote wa pembeni ukatikisika pamoja nao.