Kiduka cha muvi Bagamoyo: za Maggie Smith zipo kibao, ila za DJ zikatae

Kama uko Bagamoyo na umechoka muvi za ngumi na za Kikorea, kuna dogo ana kiduka cha kurusha muvi upande ule wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa, bango hana, kuna kompyuta moja, feni inayopiga kelele na daftari la majina ya muvi yaliyoandikwa kwa peni. Muvi moja 500, sizoni 2,000, flashi uje nayo mwenyewe.

Mimi niliulizia za yule bibi wa Kiingereza Maggie Smith, nikijua nitapewa Harry Potter basi, maana hapa mjini wengi wanamjua kwa hiyo tu, "yule ticha wa kofia". Wapi! Dogo ana folda nzima. Kuna Othello ya 1965, kuna ile ya ualimu ya 1969 iliyompa Oscar ya kwanza, kuna California Suite ya 1978, kuna Sister Act ambayo yeye ndo yule sista mkuu mkali, kuna Downton Abbey sizoni zote 6, mpaka ile ya 2015 anayoishi kwenye gari bovu nje ya nyumba ya mtu. Yaani ukikaa nazo wikiendi moja unamwona anazeeka mbele yako na kazi inazidi kunoga.

Kwa wasiomjua, huyu kazaliwa 1934, akakulia Oxford na hapohapo Oxford ndo akaanza jukwaa 1952 akiwa na miaka 17, tena na Shakespeare, baadae akawa kwenye kundi la National Theatre la muigizaji mkubwa Laurence Olivier kule London. Hiyo Othello ni igizo lao la jukwaani wakalipiga picha, Olivier ndo Othello mwenyewe, mtu mweusi, basi kajipaka rangi nyeusi mwili mzima na wanachuo wetu wakiiona watacheka au watakasirika, sawa tu, wewe mwangalie Desdemona, mke wa Othello, ndo Maggie huyo. California Suite ndo kali kuliko zote, anacheza muigizaji wa Kiingereza aliyeenda Los Angeles kwenye Oscar akaikosa, halafu kwa kucheza huko kukosa akapewa Oscar ya kweli, jamani!

Sasa kasoro. Harry Potter niliyorushiwa ni ya DJ, yaani ile jamaa anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kuna pale mwanzo paka amekaa juu ya meza ya darasani, watoto wawili wanaingia wamechelewa wakidhani ticha hayupo, paka anaruka anageuka mwalimu, hapo yule mama hapandishi sauti hata kidogo, anawaangalia tu halafu anaongea polepole na unajua wamekwisha. DJ yeye kaanza kupiga kelele kama anatangaza mechi ya Coastal Union, kampa sauti ya kikongwe na vichekesho juu, basi hamna kitu tena. Sina ugomvi na DJ kwenye muvi za kivita, wanatusaidia, ila huyu mama kazi yake yote iko kwenye sauti na zile sekunde anazokaa kimya, ukizijaza maneno umemfuta. Nikarudi kulalamika, dogo ananiambia "mwalimu, bila DJ nani atanunua?" Kanibadilishia bure lakini, hapo nampa maksi zake.

Na lingine, kwenye folda kachanganya za Judi Dench, yeye anaona ni mtu mmoja. Namuelewa kidogo, wote Waingereza, wote wamezaliwa Desemba 1934 na kuna muvi wamecheza pamoja, ila angalia kabla hujalipa.

Usichokipata pale ni jukwaa lake, na ndo alipoanzia na hakuliacha. Kipindi cha Harry Potter aliumwa kansa ya titi na bado akaendelea na kazi, halafu 2019 akiwa na miaka 84 akapanda jukwaani London peke yake, igizo zima amekaa anaongea, ni habari za aliyekuwa sekretari wa Goebbels, yule waziri wa propaganda wa Hitler. Amefariki Septemba 2024 na miaka 89. Wanafunzi wa drama ambao mnasema mistari miwili imewashinda, mpo?

Ukienda taja kabisa "orijino, isiyo na DJ", mwambie aifungue uione hapohapo, na Downton chukua sizoni ya kwanza tu kwanza maana zote zinakula nafasi ya flashi. Jioni kuna foleni ya wanaotaka mechi, nenda asubuhi.