Mbwa mdogo asiyeacha kubweka: mafunzo au kola?

Kwa gharama, mafunzo hayana mpinzani: vipande vya nyama na subira. Mbwa akibweka, ngoja anyamaze hata sekunde 2, sema "kimya", mpe kipande. Kesho ngoja 3, keshokutwa 5. Hesabu wiki, si siku, na wote nyumbani watumie neno lilelile. Kumfokea hakusaidii, kwake ni kama nawe umeanza kubweka.

Kola, yaani ukanda wa shingoni wenye kijisanduku kinachopuliza harufu au kutetema mbwa akibweka, hununuliwa mara moja, ila ya kupuliza harufu hutaka kujazwa na ya kutetema hutaka chaji. Inashinda kwa kasi, tena hufanya kazi hata ukiwa haupo. Tatizo ni kwamba haijui sababu ya kubweka. Nyingine huamshwa na sauti ya mbwa wa jirani, na wapo mbwa wanaoizoea upesi. Kwa mbwa wa kilo 3, kijisanduku chake ni mzigo shingoni. Ya umeme, inayompiga mbwa shoti, mimi siigusi. Wales iliipiga marufuku mwaka 2010.

Anabwekea mlango nawe upo? Anza na mafunzo. Jirani amekwishalalamika? Kola ya harufu yaweza kukununulia muda, mafunzo yakiendelea. Anayelia kwa upweke au hofu usimvishe kola, humzidishia woga. Mzoeze kubaki peke yake dakika chache chache. Na aliyekuwa mtulivu kisha ghafla akaanza kubweka, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, huenda ana maumivu.