Barua ya kiwanda ilibaki Japani, pikipiki iko Kimara

Nianze na maksi, maana najua wengi huzitafuta kabla hawajasoma lolote. Rektifaya mpya niliyofungiwa bure, kifaa cha kudhibiti umeme wa pikipiki: tano kwa tano. Huduma ya kaunta: mbili, na ya pili nimeitoa kwa sababu ya fundi mmoja aliyekuwa nyuma karakana. Utaratibu wenyewe wa kiwanda kuviita vyombo vyake vyenye kasoro ili virekebishwe, hapo ndipo nina maneno.

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, cc 400, silinda nne. Ilitumika kwao kwanza, kisha ikaletwa Dar ndani ya kontena, nami nikainunua mwaka 2019 kwa bwana mmoja wa Tabata. Jina la kampuni naliacha. Mimi si bodaboda. Nakaa Kimara, kazi yangu iko Posta, na Jumamosi nikipata nafasi nakwenda Bagamoyo au Morogoro, basi tu, kunyoosha roho.

Mkasa ulianza nikirudi Morogoro usiku. Nimepita Chalinze, naikaribia Mlandizi, taa ya mbele ikaanza kuwa ya njano kama kibatari. Nikawasha indiketa, haikonyezi, imeganda. Baada ya dakika chache injini ikaanza kukohoa, halafu kimya. Aliyewahi kusimama gizani kando ya barabara ile, malori ya Zambia na Kongo yakipita, anaujua ule upepo wake. Nilisukuma mpaka penye duka lenye taa. Vijana wa kijiweni wakasema betri imekufa. Kulipokucha nikanunua betri, shilingi elfu tisini, nikarudi nyumbani nikijua yamekwisha.

Wiki ya tatu nikasikia harufu ya mayai viza chini ya kiti. Nikafungua: betri mpya imevimba ubavu na ni ya moto kama chungu. Ndipo nikampelekea fundi umeme wangu pale Kimara Korogwe, mzee mpole asiyependa maneno mengi. Akachomeka testa. Injini imezimwa, volti 12.1. Akawasha, akavuta mafuta kidogo, namba zikapanda: 14, 15, 16.4. Akazima haraka. "Kaka, hii unaipika," akasema. "Rektifaya."

Kwa wasioijua: ile stata iliyo ubavuni mwa injini inazalisha umeme wa kwenda na kurudi, unaotoka kwa waya tatu, mara nyingi za njano. Betri haiwezi kuutumia umeme wa aina hiyo. Rektifaya kwanza inaunyoosha uwe wa upande mmoja, pili inauzuia usizidi. Kwenye pikipiki nyingi za zamani inauzuia kwa njia ya kikatili: umeme wa ziada unarudishwa kwenye stata kwa mzunguko mfupi, na kazi hiyo inazaa joto. Ndiyo maana kile kidude kina mapezi ya aluminiamu kama redieta ndogo. Sasa mbunifu wa pikipiki yangu aliona vyema kukiweka chini ya kiti, mahali pasipoingia hata pumzi ya upepo. Kinajichoma chenyewe. Kikiharibika kwa namna moja, kinaacha kuchaji na unazimikiwa njiani. Kikiharibika kwa namna nyingine, kinaachia volti zote na betri inachemka. Mimi nilipewa zote mbili.

Nikaenda Kariakoo, nikapata rektifaya isiyo na jina kwa elfu thelathini na tano. Ilidumu miezi minne. Safari hii soketi ndiyo iliyoyeyuka, waya zikashikana kama pipi iliyoachwa juani. Mzee akaikata, akaigeuzageuza mkononi, kisha akasema jambo ambalo nisingelipata kwa mtu mwingine: "Pikipiki za aina hii nimetengeneza tatu mwaka huu, na zote ni hapahapa zinapoungulia. Zote tatu haziwezi kuwa na mkosi. Hii ni ya kiwandani."

Usiku huo nikaingia intaneti. Ugumu wa kwanza uko hapa, na wenye pikipiki zilizotumika Japani nawaomba watulie kidogo. Tovuti ya kampuni hiyo kwa Ulaya ina sehemu ya kuangalia kama chombo chako kimeitwa, ila inataka namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Yangu haina 17. Pikipiki zilizoundwa kwa soko la ndani la Japani hugongwa herufi na tarakimu chache za aina ya fremu, kistari, halafu tarakimu za mfululizo. Nikaijaza, mashine ikaikataa. Nikajaribu kuongeza sifuri mbele, eti niidanganye. Ikakataa tena.

Dawa ni kwenda kwenye ukurasa wa Kijapani. Watengenezaji wakubwa wa kule wana sehemu ya kutafuta kwa namba ya fremu jinsi ilivyo, na Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani nayo huweka hadharani matangazo ya vyombo vilivyoitwa. Kijapani sikijui hata salamu. Nilitumia simu kutafsiri picha ya kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari, mke wangu akiuliza kama nimeanza kusoma Kichina. Nikaingiza namba. Jibu likaja: chombo hiki kinahusika, marekebisho hayajafanyika.

Tangazo lilikuwa na umri wa miaka kadhaa, limetoka kabla hata sijainunua. Lilieleza jambo lilelile la mzee wa Korogwe kwa lugha ya kitaalamu: joto la kifaa cha kudhibiti umeme linapita kiasi, viungo vya ndani vinaachia, betri inaweza isichajiwe na injini ikazimika chombo kikiwa barabarani. Kulikuwa na mchoro, na maelezo ya alama ambayo karakana huweka kwenye fremu baada ya kazi, ili anayekuja baadaye ajue imeshafanyika. Nikashuka uani na tochi na kitambaa, saa tano usiku, nikasugua fremu. Hakuna alama yoyote, ni kutu na vumbi la Tabata.

Bila shaka barua ilitumwa, kwa sababu kiwanda humwandikia mwenye jina kwenye kumbukumbu. Mwenye jina alikuwa Mjapani fulani ambaye huenda wakati huo alishaiuza, na aliyeinunua akaipeleka mnadani, na mnada ukaiuza kwa msafirishaji, na msafirishaji kwa bwana wa Tabata. Chuma kimevuka bahari, karatasi imebaki. Marekani nako ni hivyo: sheria inamlazimisha mtengenezaji kuwapelekea wamiliki barua kwa posta, lakini posta inaishia kwenye anwani. Pikipiki ikishapakiwa melini, hakuna anayeifuata.

Wakala wa kampuni hiyo hapa Dar yuko barabara ya Nyerere. Nilikwenda na karatasi nilizochapa, kadi ya pikipiki yenye jina langu, na tabasamu. Dada wa kaunta alinisikiliza vizuri, nampa haki yake, kisha akaniambia, "Kaka, hii hatukuiuza sisi." Nikamwambia najua, lakini imetengenezwa na haohao ambao bango lao liko juu ya kichwa chako. Akamwita msimamizi. Msimamizi akasema pikipiki zilizoingia kwa njia nyingine hazimo kwenye mfumo wao. Nikamwonyesha ukurasa wa Kijapani. Akauliza nani amenitafsiria. Nikasema simu. Akacheka, na kwa kweli hata mimi nilicheka, ila nilicheka kwa uchungu.

Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nilibeba barua ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa adabu, ina namba ya fremu, namba ya wito, tarehe, picha ya soketi iliyoyeyuka, na mstari mmoja chini unaosema nakala itakwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake kisheria. Sikutishia mtu wala sikupandisha sauti. Mhuri wa "imepokelewa" ukagongwa kwenye nakala yangu, na baada ya siku nne nikapigiwa simu. Nawashauri wote: barua yenye mhuri inafanya kazi ambayo midomo kumi haifanyi.

Simu ilikuja na sharti. Kifaa cha zamani, kile halisi cha kiwandani, lazima kirudishwe, vinginevyo hawawezi kuagiza kipya. Jasho likanitoka, kwa sababu mimi nilishafunga cha Kariakoo na kile halisi sikukiona tena. Nikakimbia Korogwe. Mzee akainuka bila kusema neno, akavuta ndoo ya vyuma chakavu chini ya meza, akachambua, akanipa. Alikuwa akikihifadhi auze aluminiamu yake. Nikamlipa zaidi ya bei ya aluminiamu.

Nikasubiri wiki kumi na moja. Muda huo wote nilipanda daladala na mwendokasi, sitaki kueleza.

Siku ya kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Fundi wa karakana, kijana makini, alifunga rektifaya mpya yenye umbo tofauti na mapezi marefu zaidi, akabadilisha kipande cha waya na soketi, na akakisogeza kifaa kwa bamba dogo lililokuja nacho ili kipate hewa. Kisha akapima mbele yangu bila kuombwa: injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, volti 14.2. Akapima na stata, waya kwa waya, akaniambia imepona. Akaweka alama ya rangi kwenye fremu. Huyu ndiye aliyepata ile maksi ya pili.

Kaunta wakaniletea risiti ya shilingi elfu thelathini, "uchunguzi." Nikawauliza wamechunguza nini ambacho kiwanda hakijakiandika. Dakika ishirini za kwenda na kurudi ofisini, risiti ikafutwa. Gharama za betri mbili na ile rektifaya ya Kariakoo walisema hazimo. Nimeandika barua nyingine kuhusu hizo, ina mhuri, jibu bado.

Tangu hapo imepita miezi minane. Nimefunga kivoltimita kidogo kwenye usukani, cha bei ya sahani mbili za chipsi, na jicho langu limezoea kukitazama kama linavyotazama mafuta. Pikipiki nyingi injini ikiwa imechangamka zinapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ukiona chini ya 13 safari nzima, huchaji. Ukiona inapita 15, simama kabla betri haijakusimamisha. Nimekwenda Morogoro mara mbili usiku. Taa ni nyeupe.

Nilipowasimulia vijana wa kijiwe cha bodaboda karibu na kwangu, mmoja akauliza, "Kiwanda kikuite wewe, una deni nacho?" Wote wakaangua kicheko. Lakini baadaye nilikaa nao, tukahesabu. Kijiweni pale kuna pikipiki kumi na nne. Nyingi ziko kwenye mkataba: dereva analeta hesabu kila siku mpaka amalize, ndipo iwe yake. Kadi ina jina la bosi. Mbili zimeshauzwa mara mbili na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, kwa kuwa kubadilisha jina ni pesa na mizunguko. Kiwanda kikiziita kesho, barua itakwenda kwa bosi wa Sinza ambaye hajawahi hata kuikalia, na anayeshuka kilima cha Kimara na abiria wawili ndiye wa mwisho kujua, kama atajua. Breki yake na cheni yake hazijui jina lililo kwenye kadi.

Kama pikipiki yako imeagizwa ikiwa imetumika, usisubiri barua, haiji. Namba ya fremu kwa kawaida iko shingoni, pale usukani unapoingilia. Futa mafuta na vumbi, piga picha, iandike jinsi ilivyo pamoja na kistari chake. Na kile kifaa kibovu ulichotolewa, usimwachie fundi aende nacho. Kiweke hata uvunguni.

Yule aliyenicheka kijiweni amenifuata jana jioni. Yake ni mpya, ya mkataba, inazima ikipata moto na bosi anasema ni uendeshaji wake. Nimemwambia Jumapili aje na kitambaa na tochi.