Visual Basic 6 kwenye Windows 11: uzoefu wangu na duka moja la Busia

Mwaka 2009 niliandika programu ya duka la jumla hapa Busia, upande wa Uganda. Inauza saruji na sukari kwa shilingi za Uganda na za Kenya, inatunza madeni, inachapa risiti. Niliiandika kwa Visual Basic 6, lugha na zana ya Microsoft ya kutengenezea programu, iliyotoka 1998 na ambayo Microsoft ilishaacha kuihudumia Aprili 2008. Nilijua. Lakini ndiyo niliyofundishwa, na kompyuta ya dukani isingebeba kitu kizito zaidi.

Kwenye Windows XP hapakuwa na neno. Balaa lilianza mzee mwenye duka aliponunua kompyuta yenye Windows 7. Zamu ya jioni alishika kijana wake, kwa akaunti yake mwenyewe. Asubuhi mzee akifungua, madeni ya jana hayapo. Akanipigia: "Mwanangu, programu yako inakula madeni, au ni huyu kijana?" Siku tatu nyumba ile haikuwa na amani. Kumbe tangu Windows Vista, programu ya zamani ikitaka kuandika ndani ya Program Files, folda ya Windows ya kuwekea programu, mfumo haukatai waziwazi: unamtengenezea kila mtumiaji nakala yake ya faili, kwenye folda iitwayo VirtualStore. Duka lilikuwa na madaftari mawili, kila mmoja akiamini lake. Kosa langu, niliyeweka data kando ya programu kwa uvivu. Nikaihamisha, nikakesha nikiunganisha madeni kwa mkono, nikamwomba kijana radhi.

Mashine hiyo tuliipandisha hadi Windows 10, ikabaki ya biti 32, aina ya zamani; Windows 11 ni ya biti 64 tu. Huduma ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mzee akanunua mpya yenye Windows 11. Nikaenda na flashi na wasiwasi. Programu ikafunguka, kwa kuwa msvbvm60.dll, faili ambalo programu za Visual Basic 6 hulitegemea, bado limo ndani ya Windows. Kilichogoma ni jedwali la bidhaa: faili lake la OCX, yaani kipande cha ziada kinacholichora jedwali hilo, nililinakili kwenye folda ya System32, na kwenye Windows ya biti 64 mafaili ya mfumo ya biti 32 hukaa folda ya SysWOW64. Ndiyo, yenye 64 kwenye jina ndiyo ya 32. Nikalihamisha, nikalisajili kwa regsvr32, amri ya kuitambulishia Windows faili kama hilo, kazi ikaendelea.

Kuendesha ni jambo moja, kurekebisha ni jingine. Kwenye laptopu yangu usakinishaji wa Visual Basic ulikwama mwishoni, nikaishia kuiweka kwenye Windows XP ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. RAM ya GB 4 inahema. Na gurudumu la kipanya halijawahi kusogeza dirisha la msimbo. Miaka yote hii navuta upau kwa mkono! Hata hivyo nina nafuu: Turbo Pascal, zana ya kuandikia programu niliyoanzia, ni ya biti 16, na Windows 11 haiigusi kabisa. Naifungua kwa DOSBox tu, programu inayoigiza kompyuta za zamani za DOS, kwa kuikumbuka.

Kwa programu iliyokwisha andikwa naipa Visual Basic 6 nyota nne kati ya tano. Kwa kuanza kitu kipya, moja. Anayependa mtindo wake wa kuburuta vitufe kwenye fomu ajaribu Lazarus, zana ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal: ni ya bure, na inatengeneza programu za biti 64 za Windows na Linux.

Sasa mzee anataka kuyaona madeni kwenye simu. Nimemwomba miezi mitatu.