Mbegu zilizokauka, na muuzaji asiyemjua ndege wa jimbo lake

Ningeandika siku ileile ningetukana. Sasa hasira imepungua, ingawa haijaisha. Duka silitaji, liko hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, linauza vitu vya ndege tu, na ndiyo maana nililiamini.

Nilinunua chombo cha kulishia goldfinch, yule chiriku wa manjano mwenye mabawa meusi na kofia nyeusi kichwani, pamoja na mfuko wa mbegu za nyjer. Chombo nakipa haki yake: bomba refu lenye vitundu vyembamba, na shomoro waliojaa mtaani kwetu hawakisumbui sana. Shida ni mbegu. Goldfinch walikuwa wanatua, wanaonja, wanazitema chini, wanaondoka zao. Wiki zikapita hivyo hivyo.

Mzee jirani yangu ndiye aliyenifumbua macho. Alimwaga mbegu chache juu ya karatasi nyeupe, akaziminya kwa ukucha. Nyjer mpya huacha doa la mafuta. Za kwangu ziliacha unga wa kijivu. Hii ni mbegu ya mafuta kabisa, Ethiopia wanaikamulia mafuta ya kupikia, na inayoletwa Marekani hupashwa moto kwanza ili isiote wala isibebe magugu. Ikikaa muda mrefu ghalani inakauka, na goldfinch hali makapi.

Nikarudi dukani na mfuko wangu na risiti. Nikamsalimia kijana wa kaunta, nikamweleza taratibu. Hata mfuko hakuufungua. Akaniambia, "Hao ndege bado hawajarudi kutoka kusini. Vuta subira."

Hawajarudi? Iowa goldfinch hawakosekani mwaka mzima! Ni ndege wa jimbo hili tangu 1933. Wakati wa baridi dume hupoteza ule umanjano, anakuwa wa rangi ya udongo kama jike, halafu majira ya kuchipua ananyonyoka na kuota manyoya mapya ya manjano. Mtu anayelipwa kuuza chakula cha ndege hawa hajui hilo, na bado ananifundisha subira! Nikatoa karatasi, nikaminya mbegu palepale mbele yake. Akautazama ule unga, kisha akaniuliza eti kwetu tunafuga ndege gani. Kwetu kumeingiaje hapo? Nilifuata pesa yangu. Sikupewa hata senti. Akasema chakula hakirudishwi.

Nilinunua mbegu nyingine kwenye duka la vyakula vya mifugo, ambako mifuko haikai. Lile bomba nililiosha kwa maji ya moto na kulianika likauke kabisa, maana mbegu zilizolowa huota ukungu chini kwenye kitako, na chombo kichafu huwaambukiza hawa ndege ugonjwa wa macho unaowavimbisha hadi hawaoni. Basi wakaja! Dume wawili na jike, wakitafuna kwa utulivu, maganda yakidondoka kwenye fremu ya dirisha. Nilisimama na kikombe mkononi hadi chai ikapoa. Siku hiyo ningekipa chombo nyota tano bila kufikiri.

Lakini kiangazi kimenipunguzia ukarimu. Kile kitako hakitoi maji vizuri, kila mvua ikinyesha lazima nikimwage. Na alizeti niliyoipanda kando ya uzio, pamoja na maua ya echinacea ambayo sikukata vichwa vilipokauka, zimewaita goldfinch wengi kuliko bomba. Wananing'inia hata kichwa chini wakichomoa mbegu. Ndege hawa huchelewa kutaga, mara nyingi Julai na Agosti, wakati mibaruti imeshatoa sufi ya kutandika kiota na mbegu zimejaa, kwa sababu hata makinda wao huwalisha mbegu badala ya wadudu. Bustani yenye maua yaliyoachwa yakomae inawapa chakula bila kaunta wala risiti.

Kwa hiyo chombo nyota tatu. Kama paa la nyumba yako linakikinga mvua, basi nne. Duka nilitaka kulipatia nyota moja kwa sababu mama mmoja wa hapo alinifungia bomba vizuri na kunieleza namna ya kulitundika, lakini nikikumbuka lile swali la kwetu, hiyo moja nayo naiondoa. Mbegu zao, kama unalazimika kununua pale, omba uziminye kwanza. Wakikataa, usilipe.